Masale ya Mpakani na Mshumaa wa Tatu

Nakumbuka siku moja ambayo kila mara hunijia kwanza kwa sauti yake. Kwachu. Kwachu. Ni kisu cha kukatia majani ya ng'ombe, kinapita kwenye shina la isale lililoloa mvua ya vuli. Mpaka leo, mwanangu, nikisikia mtu anakata bua laini mahali, natazama mikono yangu kwanza nihakikishe si mimi.

Ngoja nikueleze vizuri, maana mwaka huu unaanza nyumba yako, na umeniuliza ipambwe vipi kwa ajili ya Krismasi. Mapambo nitayafikia. Usinikimbize.

Kwetu ni Masama, huku juu ambako migomba na kahawa vimeshonana hadi jua linaomba njia. Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, miaka ya foleni, sukari na sabuni vikisubiriwa kwenye duka la ushirika kama mgeni asiyejulikana atafika lini. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, darasa la sita, na shule yangu, kama unavyojua, iliishia la saba. Nilikuwa msichana wa kuota ndoto mchana. Niliweza kusimama na ndoo kichwani nikiwaza harusi ya mtu nisiyemjua, mpaka maji yanimwagikie mgongoni. Mama alikuwa akisema, "Huyu Ndeshi mwili uko jikoni, mwenyewe yuko Marangu anacheza ngoma."

Tuliishi na Bibi, mama yake Baba. Baba ndiye aliyekuwa kitinda mimba, na kwetu Wachagga kitinda mimba hubaki na nyumba ya wazazi. Ng'ambo ya migomba yetu aliishi kaka yake, Baba Mkubwa Aminieli. Kati ya kihamba chetu, shamba letu la ukoo, na chake hapakuwa na ukuta wala waya. Palikuwa na masale saba tu, yamesimama mstari mmoja, aliyoyapanda Babu kwa mkono wake siku alipowagawia wanawe shamba.

Isale umeliona hata hapo mlangoni kwangu: shina kama fimbo, na juu majani marefu ya kijani kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Kwetu ndilo linaloonyesha mpaka. Na ukimkosea mtu, ndilo unalompelekea. Mtu akiletewa isale hawezi kukataa kusamehe, hata kama moyo wake bado unatoka moshi.

Sasa Majilio ya nyumbani kwetu. Ee, mwanangu, natamani ungeyaona! Nyumba ilikuwa ya kawaida, ukuta wa udongo na bati moja lenye kutu, lakini zile Jumapili nne kabla ya Krismasi ilikuwa kama imeoga. Bibi alisuka taji la majani makavu ya mgomba, akalizungushia majani mabichi, akasimamisha mishumaa minne. Kanisani palikuwa na taji kubwa zaidi, lakini mimi niliona la Bibi ndilo lenyewe na la kanisani limeiga. Mwaka huo mishumaa haikupatikana dukani hata kwa dawa, basi Mama akaitengeneza. Alichukua nta ya mizinga ya Baba, akaiyeyusha kwenye sufuria kuukuu, akaimimina ndani ya mabua ya majani ya mpapai yenye uzi wa pamba katikati. Ilipoganda akachana mabua. Ikatoka mishumaa ya njano, imepinda kidogo, inanukia asali. Nikaapa moyoni kwamba sitanunua mshumaa maisha yangu yote.

Nyumba hiyo ilikuwa na desturi yake. Jioni ya Jumapili, kabla ya kuwasha, Bibi aliuliza swali moja: "Kuna mtu hapa ana neno na mtu?" Kama lipo, linasemwa. Kama ni la kumalizika pale, linamalizika. Kama haliwezi, mshumaa unangoja. Bibi hakugomba. Alikirudisha kiberiti mfukoni tu, nasi tukala kwa mwanga wa kibatari. Baba Mkubwa naye alikuja kila Jumapili na familia yake, akaulizwa swali lilelile kama sisi watoto. Ndivyo Bibi alivyowalea wanawe tangu wakiwa wadogo, na ndivyo walivyozeeka wakipendana.

Mwaka huo Bibi aliniita akaniambia, "Ndeshi, vidole vyangu vimeanza kugoma. Taji utalisuka wewe."

Mimi! Sikulala vizuri. Niliona tayari ndugu wa Moshi mjini wamekuja Krismasi, wamesimama mbele ya taji langu, wanaulizana nani amelisuka. Bibi alikuwa amenielekeza nikate majani kwenye ua wa masale nyuma ya jiko. Nikaenda. Masale ya pale yalikuwa membamba, yamechoshwa na moshi, na mbuzi alikuwa ameyaonja. Nikatazama kule mpakani. Yale ya Babu yalikuwa mapana, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Manne kati yake nilikwisha kuyaona kwenye taji, moja kwa kila mshumaa.

Nilijua ni ya mpakani. Sikudanganyi. Nilichokuwa sijui ni mpaka ni kitu gani. Nikakata mawili. Kwachu, kwachu. Mawili mengine udongo ulikuwa laini kwa mvua, yakatoka na mizizi yake. Hapo ndipo nikafanya jambo lililoharibu kila kitu, na nililifanya kwa wema kabisa: nikafukia yale mashimo mawili kwa mguu, nikasawazisha vizuri, nikatandaza na majani makavu juu. Nilifundishwa usafi, mwanangu. Nikaondoka naimba.

Taji likapendeza. Jumapili ya kwanza Baba Mkubwa alilitazama kwa mbali, macho yake hayakuwa mazuri, akasema, "Mama, mwaka huu umepata fundi." Jumapili ya pili pia tukawasha, yeye akiwa amekaa karibu na Baba wanacheka habari za ng'ombe aliyemkimbiza mwalimu. Kisha Jumanne yake, asubuhi, nikiwa jikoni namenya ndizi, nikasikia anaita kutoka migombani. Hakubisha hodi. Aliita jina la Baba kavukavu.

"Elisante! Toka nje uone!"

Baba akatoka anafuta mikono. "Shikamoo, kaka."

"Shikamoo ya nini, nawe umenikatia mpaka? Masale ya Mzee yako wapi?"

"Kaka, nikate mpaka nipate nini? Migomba miwili?"

"Mitatu! Nimehesabu. Na huu mmoja una mkungu."

"Basi labda ni mbuzi wako. Amezoea kutembea huyu."

"Mbuzi wangu siku hizi anatumia kisu? Anakula isale halafu anafukia shimo na kutandaza majani juu? Tazama hapa! Aliyefukia shimo hili alikuwa na akili zake timamu. Mtu mzima na ndevu zake unakaa kwa mama, unapikiwa na mama, na shamba bado halikushibi!"

Hilo la kukaa kwa mama lilimuuma Baba kuliko la mpaka. Alijibu maneno ambayo sitayarudia, na Baba Mkubwa akajibu yake, na mwishowe nikasikia: "Krismasi hii nitachinja kwangu. Usinitafute."

Unaelewa maana yake? Beberu wa Krismasi alikuwa akinoneshwa bandani kwa Baba Mkubwa, na kila mwaka alichinjwa uwanjani kwa Bibi. Baba Mkubwa kama mkubwa ndiye aliyegawa nyama, kila mtu fungu lake kwa nafasi yake: la mama, la mdogo, la mashangazi. Ukiondoa hilo, haibaki Krismasi ya ukoo, zinabaki sufuria mbili zinazochemka mbalimbali. Na ule ulezi wa kupikia mbege ya sikukuu, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ambao Bibi aliutoa jana yake ili auloweke, niliona ameurudisha ghalani.

Nami nimekaa na ndizi mkononi. Ningetoka wakati ule nikasema "ni mimi," ungekuwa mwisho. Pengine kofi moja. Lakini niliona sura ya Baba, niliona ya Baba Mkubwa, nikaendelea kumenya ndizi. Nikajiambia nitasema jioni. Jioni nikajiambia kesho. Na kila siku iliyopita, jambo lenyewe lilizidi kuwa zito kulibeba, kama ndoo ambayo mtu anaongeza maji ukiwa njiani.

Jumapili ya tatu Baba Mkubwa hakuja. Tukakaa kuzunguka taji. Bibi akatoa kiberiti.

"Kuna mtu hapa ana neno na mtu?"

Baba akatazama chini. "Mimi ninalo, Mama. Na unalijua. Na silimalizi leo."

Bibi akanitazama mimi. Akanitazama kwa muda wa kumenya ndizi nzima. Nikatazama ukuta. Kiberiti kikarudi mfukoni, na mshumaa wa tatu ukabaki umesimama na utambi wake mweupe. Ndizi za usiku ule zilikuwa na nyama, nami nilitafuna kama natafuna kitambaa.

Mwanangu, nimewajua watu wengi wenye busara tangu hapo, wengine na vyeti vyao, lakini sijamwona wa kumfikia Bibi. Hakuwa amesoma zaidi ya kusoma Biblia kwa kufuata kidole. Siku ya Alhamisi aliniita nikiwa nimetoka shule.

"Ndeshi, njoo tulipanguse taji. Lina vumbi."

Tukakaa mkekani, yeye na kitambaa, mimi na bakuli la maji. Akashika jani moja, akalifuta polepole toka shinani hadi nchani.

"Jani hili limenenepa," akasema. "La nyuma ya jiko halinenepi hivi."

Nikalisogeza bakuli karibu naye.

"Isale likipelekwa kwa mtu linasema nini?"

"Linasema nisamehe."

"Na likichukuliwa bila kuombwa, linasema nini?"

"Bibi, mimi..."

"Sijakuuliza nani. Nimekuuliza linasema nini." Akafuta jani la pili. "Haya, kama hulijui, mimi nitakwambia ninachokijua. Aliyefanya jambo hili akilisema, ataona aibu muda wa kutoka hapa kwenda kwa Aminieli na kurudi. Asiposema, wanangu wataona uchungu mpaka wanizike. Watasimama kaburini kwangu, huyu upande huu na huyu upande ule." Kisha akanirudishia bakuli. "Maji haya yamechafuka. Kamwage."

Hakunigombeza wala hakunitisha kwa Mungu. Na alikuwa anajua, mwanangu! Alijua tangu ile Jumanne, pengine tangu Jumapili ya kwanza. Angeweza kulimaliza kwa sentensi moja, yeye mama yao. Aliacha nafasi ili nilimalize mimi niliyelianza, na kusubiri kule kulimgharimu, maana aliowaona hawasemezani walikuwa watoto wake. Nikiwa kijana nilidhani ule ulikuwa ukali. Sasa nina wajukuu, najua ilikuwa heshima.

Nilimwaga maji. Niliporudi Bibi hakuwapo mkekani, ila taji lilikuwapo. Nikachomoa isale moja, lile refu kuliko yote, nikalifunga fundo kama nilivyowahi kuona wazee wanafanya, nikapita migombani. Nilipofika pale mpakani nilisimama, nikageuka nyuma, nikageuka mbele tena.

Baba Mkubwa alikuwa bandani anamlisha yule beberu.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba." Hakugeuka. "Baba yako amekutuma?"

"Hapana."

"Bibi yako?"

"Nimejituma." Nikanyoosha isale kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea meza ya Bwana.

Akageuka. Akalitazama isale, akanitazama. Akalichukua, akaligeuza, akaona pale kisu kilipopita.

"Hili ni la Mzee."

"Ndiyo. Nimelikata mimi. Baba hajui. Na mashimo nilifukia mimi, nilitaka pawe pasafi."

"Na mengine?"

"Yako kwenye taji."

"Taji la nani?"

"La Bwana Yesu."

Beberu akatafuna. Kisha nikaona tumbo la Baba Mkubwa linatikisika, nikadhani ni hasira, kumbe ni kicheko kinachotafuta pa kutokea. "Yaani," akasema, "mpaka wangu wote umemvika Bwana Yesu! Na mimi nimekaa pale Jumapili mbili nauimbia!" Akacheka hadi akaketi juu ya majani ya ng'ombe, nami nikalia, maana sikujua lingine la kufanya. Aliponyamaza uso wake ukabadilika. Akalizungusha lile isale mikononi.

"Mimi umeniletea hili, na nimelipokea. Imekwisha," akasema. "Lakini maneno niliyomwambia mdogo wangu, ya kukaa kwa mama... Sasa mimi nitaenda kwake na nini?"

Nikafuta kamasi. "Nenda na hilohilo, Baba Mkubwa."

Nilirudi nyumbani nikamwambia Baba. Nilichapwa neno, si fimbo, na neno lenyewe lilikuwa refu. Halafu Baba akatoka, akaenda akasimama pale mpakani peke yake, akatazama yale mashimo muda mrefu.

Jumapili ya nne, jua likielekea kuzama, tulisikia hodi. Baba Mkubwa aliingia na mkewe na watoto, amevaa koti lake la kanisani, ameshika isale mbele ya kifua kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa wenyewe. Baba akasimama. Baba Mkubwa akaanza kusema kwa Kichagga. Baba hakungoja amalize. Akalipokea kwa mikono miwili, akasema, "Karibu kwa mama, kaka. Hata wewe unapikiwa leo." Tukacheka wote, na Bibi akacheka huku anapangusa macho kwa ncha ya khanga.

"Kuna mtu hapa ana neno na mtu?" akauliza.

Hakuna aliyejibu. Lile isale likarudi kwenye nafasi yake katika taji. Kiberiti cha miaka ile, unakijua, vijiti vitano havikuwaka, mpaka Mama akaleta kaa la moto jikoni. Tukawasha wa kwanza, wa pili, wa tatu uliokuwa umengoja, na wa nne. Wa tatu ulikuwa mrefu kuliko ilivyopasa. Nikautazama huo zaidi ya yote.

Krismasi ile beberu alichinjiwa uwanjani kwa Bibi. Mbege hatukuwa nayo, ulezi ulikuwa umechelewa, wazee wakanywa chai ya maziwa isiyo na sukari na kusema ni nzuri. Tulitoka kanisani tunafuata tarumbeta kuteremka kilima. Baba Mkubwa alipogawa nyama, baada ya mafungu yote ya heshima akaita kwa sauti, "Na Afisa Ardhi yuko wapi? Aje achukue lake!" Akanipa kipande cha ubavu mbele ya ndugu wote wa Moshi mjini. Jina hilo aliniita mpaka alipofariki. Hata siku ya harusi yangu, mchungaji alipomaliza, Baba Mkubwa alininong'oneza: "Afisa Ardhi, huko uendako mipaka ya watu uiache."

Basi, mwanangu, uliniuliza kuhusu mapambo. Pamba. Tumia taa za rangi kama unazo, mimi sizikatai, nazipenda hata mimi. Lakini zile Jumapili nne usizifanye za kununua tu. Kaa na mwenzio na watoto mezani, zima redio, na kabla ya kuwasha uliza lile swali la Bibi. Uliza kwa upole, ukubali kuulizwa na wewe, tena na mtoto wako mdogo. Ikibidi mshumaa ungoje, uache ungoje. Ukikosea, sema mapema, lingali jambo dogo, na nenda kwa miguu yako, usitume mtu. Na watoto wako watakapokosea, usiwahi kuwasemea kila kitu. Waachie bakuli wakamwage maji, wafikiri.

Mungu aliyekuja kukaa katika nyumba isiyo na nafasi, akae katika yako yenye vyumba viwili. Akupe majirani utakaopakana nao kwa amani, akupe meza ambayo hakuna anayekosekana, na kila mshumaa utakaouwasha uwashwe na mikono isiyo na neno na mtu. Amina.

Ee, na yale masale. Mwezi wa kwanza, taji lilipoteremshwa, yalikuwa bado mabichi, kwa kuwa nilikuwa nikiyanyunyizia maji kila siku. Asubuhi moja kabla ya kwenda shule niliyachukua yote manne, nikaenda mpakani, hakuna aliyenituma wala aliyeniona. Nikayatafuta yale mashimo mawili niliyoyafukia kwa mguu, nikayafukua kwa vidole. Nikapanda yale yenye mizizi, halafu yale mawili mengine karibu na visiki vyake. Nikasimama mwanzo wa mstari, nikafumba jicho moja, nikaona yamenyooka. Kisha nikachota maji ya mfereji kwa viganja, nikayamwagia moja baada ya jingine, yote saba.